Siku Nzima Nyuma ya Kamera Bagamoyo: Mwongozo Kamili kwa Mpenzi wa Filamu

Kule Leavesden, nje kidogo ya London, Warner Bros. wamewafungulia wageni studio yao tangu 2012. Unakata tiketi mapema, unaingia kwa saa uliyopangiwa, unatembea kati ya mavazi na majumba ya kuigizia. Universal wa Hollywood wao wanapitisha wageni kwa vigari tangu 1964. Bagamoyo hakuna dirisha la tiketi wala geti la studio. Wanaokuja kushuti hapa hufika na magari mawili matatu, huteremsha taa kwenye uchochoro wa mji mkongwe, hufanya kazi siku tatu au kumi, kisha huondoka. Anayependa filamu na akatamani kuona zinavyotengenezwa hana budi kujipangia ziara yake mwenyewe. Akijipanga vizuri ataona mengi kuliko yule wa kigari, kwa sababu mbele yake kazi itakuwa inafanyika, jasho likitoka.

Mimi nakaa Dunda, ndani ya mji mkongwe, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiomba kuingia seti, yaani mahali filamu inaposhutiwa, kila ninaposikia kuna watu wanashuti. Mara nyingine nimekubaliwa, mara nyingine nimekataliwa kwa upole. Haya ninayoandika ndiyo ningetamani mtu anifundishe kabla ya siku yangu ya kwanza.

Kwanza, itazame filamu yako mara tatu

Chagua filamu moja unayoipenda ambayo ina sini, yaani matukio ya filamu, zilizoshutiwa pwani hii. Mara ya kwanza itazame kama kawaida yako. Mara ya pili kaa na daftari, uandike dakika na mahali: dakika ya 12, mlango wa nakshi, dakika ya 40, jahazi na mwanamke amesimama majini. Mara ya tatu zima sauti kabisa. Usikose hii ya tatu. Sauti ikizimwa, macho yanaacha kufuata hadithi na yanaanza kuona kivuli kimeangukia upande gani, kamera imewekwa usawa wa goti au wa bega, na mazungumzo ya dakika mbili yamekatwa vipande vingapi.

Hesabu hivyo vipande. Utashangaa kukuta mazungumzo ya kawaida ya mume na mke mezani yana vipande ishirini au zaidi. Ukifika seti ukaona sini moja inarudiwa asubuhi nzima, hutachoka wala hutauliza "hawa mbona hawamalizi?", kwa sababu unajua wanatafuta vile vipande vyako ishirini.

Chagua siku kwa kuangalia bahari, si kalenda peke yake

Masika, Machi hadi Mei, usijisumbue. Wanaoshuti nje huikwepa mvua, na wasioikwepa huwa na hasira. Mvua zikishakatika na anga ikawa safi, kuanzia Juni kwenda mbele, mji unaanza kupata wageni wenye kamera. Kaskazi nayo ina siku nzuri, ila joto la Januari na Februari linayeyusha vipodozi usoni mwa waigizaji, na anayewapaka atachoka kufuta.

Ila kinachotawala kazi ya pwani hii kuliko mvua ni maji kupwa na kujaa. Ufuo wa Bagamoyo ni tambarare. Maji yakitoka yanakwenda mbali, yanaacha mchanga mtupu na vidimbwi. Yakirudi yanakuja mpaka karibu na minazi. Kati ya kujaa na kupwa ni kama saa sita, na kila siku inayofuata wakati unasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti inakuwa kubwa sana. Siku za maji mafu bahari inasogea kidogo tu.

Sasa fikiria muongozaji anayetaka kushuti sini ya kuagana. Mume anapanda jahazi, mke amebaki ufuoni. Saa 2 asubuhi maji yamejaa, jahazi linaelea, kila kitu kizuri. Wanashuti picha pana, wanasogeza kamera, wanashuti mume akigeuka. Wanapumzika kula. Wanaporudi kushuti uso wa mke, lile jahazi limelala ubavu kwenye mchanga mkavu na watoto wanacheza mpira pale palipokuwa na maji. Nimeliona hili kwa macho yangu. Siku hiyo iliokolewa na mvuvi mmoja mzee aliyekuwa amekaa pembeni akishona nyavu. Aliwaambia wasubiri kesho, lakini waje karibu saa nzima baada ya muda ule walioanzia leo, watayakuta maji palepale. Walikuja, wakayakuta.

Kwa hiyo kabla hujapanga safari, muulize mvuvi yeyote wa pale soko la samaki: "Shikamoo mzee, kesho maji yanajaa saa ngapi?" Atakujibu papo hapo bila kutazama simu. Jibu lake litakuambia wanaoshuti ufuoni watakuwa wapi na saa ngapi.

Na jambo jingine ambalo wapenzi wengi wa filamu hawalijui: ufuo wetu unatazama mashariki. Jua linachomoza baharini, linazama nyuma ya mji. Ukiona kwenye filamu wapendanao wamekaa kwenye mchanga wa Bagamoyo wakitazama jua likizama majini, jua hilo lilikuwa linachomoza. Watu wale waliamshwa saa 10 usiku, wakapakwa vipodozi kwa mwanga wa taa, wakakaa kwenye mchanga wa baridi wakisubiri. Anayetaka kuiona kazi ya namna hiyo alale mjini. Anayetoka Dar es Salaam asubuhi atakuta wanafunga vifaa.

Kuomba ruhusa

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndipo baadhi wanapotapeliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila kundi linaloshuti lina mtu anayesimamia mambo ya siku: magari, chakula, nani aje saa ngapi. Wengine humwita meneja wa uzalishaji, wengine humwita prodyuza tu. Huyo ndiye wa kumwomba. Usimtafute mwigizaji unayempenda. Yeye ana maneno ya kukariri kichwani, na hata akikubali hana mamlaka ya kukuingiza. Mara nyingi namba ya kampuni imewekwa kwenye kurasa zao za mitandao au mwisho wa filamu. Ukiwa Bagamoyo, uliza kwa mjumbe wa mtaa. Wageni wenye kamera hujitambulisha kwake, na anajua wamefikia wapi.

Ujumbe uwe mfupi na uwatoe hofu. Mimi huandika hivi:

*"Habari za kazi kaka. Mimi ni mkazi wa Bagamoyo na nimetazama filamu zenu kwa muda mrefu. Naomba nije kutazama kazi siku moja, siku itakayowafaa ninyi. Nitakuja na mdogo wangu, tutakaa tutakapoelekezwa, simu tutazizima, na hatutapiga picha bila ruhusa. Mkiona haiwezekani, hakuna neno, nawatakia kazi njema."*

Angalia maneno "siku itakayowafaa ninyi" na "mkiona haiwezekani". Msimamizi wa seti siku nzima anaombwa vitu. Anayemwachia nafasi ya kukataa bila aibu ndiye anayemkubalia. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya siku tatu, kisha mwache.

Sasa kuhusu pesa. Mtu akikuambia ulipe "ada ya usajili" ili uingie seti, au ulipe upewe nafasi ya kuigiza, kata mawasiliano. Mtu akikuita usaili kwenye chumba cha gesti usiku, usiende, na mwenzako akiitwa mzuie. Nasema na wazazi pia: binti au kijana chini ya miaka 18 asiende seti bila mtu mzima wa familia, hata kama msimamizi ni mtu mwema. Watu wema wenyewe watafurahi kukuona umefuatana naye.

Ujue pia kwamba wao wenyewe wana ruhusa wanazohitaji. Filamu Tanzania inasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, na anayeshuti hutakiwa kuwa na kibali. Magofu na majengo ya kale yana ruhusa zake, na droni zina zake. Kwa hiyo usifike na kamera kubwa na kistendi ukaanza kurekodi "nyuma ya pazia" kwa ajili ya ukurasa wako. Unaweza kuwaingiza wenyeji wako matatani bila kukusudia.

Kufika na kuvaa

Kutoka Dar es Salaam panda daladala za Bagamoyo kituo cha Makumbusho. Ni kama kilomita 70, kupitia Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga. Stendi ya Bagamoyo hadi mji mkongwe ni mwendo mfupi wa bajaji.

Mavazi ni sehemu ya adabu ya seti. Nguo nyeupe sana inarudisha mwanga na inaweza kuharibu uso wa mwigizaji aliye karibu nawe. Nguo ya vimistari vyembamba inachezacheza kwenye kamera iwapo kwa bahati mbaya utaonekana. Vaa rangi iliyopoa, kijivu, bluu nzito, kahawia. Viatu viwe laini, visivyolia kwenye kokoto. Na kwa kuwa ni mji wa Waislamu kwa sehemu kubwa, na utakuwa unapita mbele ya baraza za wazee, jisitiri. Mwanamke kanga mbili zinatosha, na moja utaikalia.

Bangili acha nyumbani. Siku yangu ya kwanza nilivaa bangili sita za shaba, zawadi ya shangazi. Mwigizaji alikuwa analia, sini ya msiba, kimya kimetanda nyumba nzima, nami nikainua mkono kufuta jasho. Mtu wa sauti alinyanyua kichwa, akavua vile visikilizio vyake taratibu, akanitazama. Hakusema neno. Muongozaji akasema "kata", na yule dada ikabidi aanze kulia upya. Nilizivua zote nikazifunga kwenye pindo la kanga, na tangu siku hiyo sijavaa kitu chenye mlio nikienda kazini kwa watu.

Ukifika seti

Salimia kwanza aliyekupokea, kisha muulize: "Nikae wapi nisiwasumbue?" Kaa hapo hapo. Kama hakuna aliyekuelekeza, kaa nyuma ya kamera, kando kidogo, na kamwe usikae pale ambapo macho ya mwigizaji yanatazama. Mwigizaji anayemtazama "mumewe" huku nyuma ya mume kuna uso wa mgeni unaotabasamu hawezi kuigiza. Akikutazama kwa bahati mbaya, inamisha macho.

Usiguse kitu. Kikombe kilichoachwa ukingoni mwa meza hakikusahauliwa, kimewekwa. Kiti kitupu kina mwenyewe. Nyaya za umeme ziruke, usizisogeze kwa mguu. Simu usiiweke kwenye mtetemo, izime. Mtetemo wa simu juu ya benchi la mbao unasikika kama gari linalopita.

Utasikia mfululizo wa maneno. Mtu atapaza sauti watu watulie. Wa sauti atasema anarekodi, wa kamera naye atasema. Mmoja atashika klapa, zile mbao mbili za kugonganisha, mbele ya lenzi, atataja namba ya sini na namba ya teki, yaani sini inarudiwa mara ya ngapi, atapiga *pa!* Ule mlio ndio unaounganisha picha na sauti baadaye, kwa sababu vinarekodiwa kwenye mashine mbili tofauti. Mhariri anatafuta ile picha mbao zikigusana na ule mlio, anavilaza pamoja. Kisha kimya cha pumzi moja, kisha muongozaji ataanzisha. Kuanzia klapa hadi "kata", wewe ni ukuta.

Watazame hawa, wasio na majina kwenye bango

Ukienda kumtazama staa peke yake, baada ya nusu saa utachoka. Atakuwa amekaa kivulini anakunywa maji. Mimi nakushauri uchague mtu mmoja wa kazi kila saa, umtazame yeye tu.

Saa ya kwanza mpe wa mwendelezo, ambaye seti wengi humwita kontinyuiti. Huyu kazi yake ni kuhakikisha vipande vilivyoshutiwa saa tofauti vinaonekana kama dakika moja. Siku moja nilimtazama dada wa kazi hiyo katika sini ya chakula cha usiku. Sinia la wali na changu wa kukaanga. Jikoni walikuwa wamekaangwa changu saba, wote wa ukubwa mmoja, kwa sababu kila teki mume lazima amegue ubavu uleule wa samaki mzima. Kila muongozaji alipokata, yule dada alikwenda mezani na simu, akapiga picha: samaki amemeguliwa mpaka wapi, glasi ya maji imebaki kiasi gani, ndimu iko upande upi, fundo la kanga ya mke liko juu ya ziwa la kushoto au katikati. Kisha anainama kwa mke: "Dada, ile mara ya kwanza ulifuta mkono kabla ya kusema 'sikubali'. Sasa hivi umefuta baadaye." Kumbukumbu ya namna hiyo inashikilia filamu nzima, na jina lake hakuna anayelisoma mwisho.

Saa ya pili, wa sauti na mwenzake anayeshika buumu, ule mti mrefu wenye maikrofoni iliyovishwa manyoya. Bagamoyo ni mji mgumu kwao. Upepo unavuma kwenye minazi, bodaboda zinakatiza, kunguru hawana heshima. Utaona kijana ametumwa kona ya barabara kuwaomba madereva wazime injini dakika mbili, naye anaomba kwa lugha nzuri maana hana nguvu ya kuamrisha. Adhana ikilia kazi inasimama, na hakuna anayenung'unika. Makundi yanayoujua mji hupanga chakula cha mchana kiangukie adhuhuri, na Ijumaa hupanga mapumziko marefu zaidi ili wanaokwenda msikitini waende.

Kuna jambo moja la watu wa sauti ambalo usipolijua utadhani mambo yameharibika. Sini ikiisha, kabla ya kuhama chumba, wataomba kila mtu asimame alipo, asitikisike, kwa nusu dakika. Hakuna kinachoigizwa. Wanarekodi ukimya wa chumba kile. Kila chumba kina ukimya wake, na nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zina ukimya mzito, tofauti kabisa na wa nyumba ya bati. Mhariri atautumia kuziba mianya kati ya maneno. Hiyo nusu dakika mimi naipenda kuliko kitu kingine chochote seti: watu kumi na tano wamesimama kama wamegandishwa, kila mtu anasikia pumzi yake, na mbali bahari.

Wa taa wape muda wao mchana. Watazame wanavyogeuza saa 7 mchana kuwa usiku kwa kufunika madirisha kwa vitambaa vyeusi na kuwasha taa moja ya rangi ya mbalamwezi nje ya dirisha. Watazame pia wanavyofunga vifaa bila kupigilia msumari. Kuta za mji mkongwe zina miaka mingi ya mikono ya watu na hazitobolewi ovyo. Kila taa inasimama kwa miguu yake, na miguuni kuna mfuko wa mchanga. Barabara ya miembe ya Misheni ya Kikatoliki ni pazuri kwa macho, lakini ni mtihani kwa kamera. Majani yanamwaga madoa ya jua, nusu ya uso inang'aa na nusu imezama. Utaona vijana wameshika kitambaa cheupe juu ya vichwa vya waigizaji kulainisha mwanga, mikono inatetemeka, hawaruhusiwi kukishusha.

Kuzungumza na mwigizaji, na picha

Subiri mapumziko ya chakula, na subiri ale kwanza. Msalimie kwa heshima ya umri wake, mama, kaka, dada, mzee, si kwa jina la mhusika aliyemwigiza. Kuna wanaofurahia kuitwa hivyo, lakini yupo pia aliyeigiza mama mkwe katili na hajapita sokoni kwa amani tangu hapo. Usimwambie "nakupenda sana" ukanyamaza. Mwambie kitu kimoja mahususi ulichokiona kwenye ile mara ya tatu bila sauti: "Pale ulipopokea barua hukuifungua, uliiweka chini ya mkeka. Lilikuwa wazo lako?" Nimeona uso wa mtu mzima ukifunguka kwa swali la namna hiyo, akavuta kiti, akaeleza robo saa.

Picha omba moja, si video. Nyuma ya picha pasionekane seti, vazi jipya wala ubao wenye maandishi. Usiiweke mtandaoni mpaka wenyewe waitangaze filamu, na usimhadithie mtu uliyoyaona yakiigizwa. Hii ni amana. Mtu aliyefichua mwisho wa filamu kutoka seti moja hapa mjini alisababisha wageni wote waliofuata, mimi nikiwamo, kufungiwa mlango mwaka mzima.

Ukikosa seti, ziara ya miguu

Siku nyingi hakuna anayeshuti. Chukua lile daftari la dakika na mahali, anza asubuhi.

Anzia TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Ilianza 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, ikawa taasisi kwa jina la sasa 2007. Wengi unaowaona wakicheza, wakiimba na kuigiza nchi hii wamepita hapo. Omba ofisini kuonyeshwa ukumbi, na usiishie kwenye viti. Omba upande jukwaani, uende kando penye mapazia, utazame juu zinapofungwa taa. Ukiwahi tamasha lao la kila mwaka, ambalo kwa kawaida huangukia miezi ya mwisho ya mwaka, utaona jukwaa likiwa hai.

Kutoka hapo ingia mji mkongwe: Boma la Wajerumani la 1897, Ngome Kongwe, Caravan Serai walikofikia wapagazi kutoka bara. Mbele ya kila mlango ulioandika daftarini, simama pale ilipokuwa kamera. Pima kwa hatua. Utagundua uchochoro uliouona mrefu kwenye filamu una hatua thelathini tu, na nyumba mbili zilizokuwa jirani kwenye hadithi ziko mitaa miwili mbali. Misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanza 1868, ina makumbusho na ule mnara ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874. Nenda huko jua likianza kulainika, kama saa 10 jioni.

Magofu ya Kaole yako kama kilomita 5 kusini, bajaji inafika. Kuna misikiti miwili, wa kale zaidi ukisemekana ni wa karne ya 13, na makaburi ya nguzo. Kwa wa sauti ni peponi, kwa kuwa barabara iko mbali. Usipande juu ya kaburi ili upate picha, hata kama umeona mtu amefanya hivyo kwenye video. Malipo ya kuingia maeneo haya fanya ofisini, upewe namba ya kumbukumbu ya malipo na stakabadhi. Mtu wa njiani akidai pesa mkononi, mwombe mfuatane mpaka ofisini.

Na kwa nyumba za watu, piga hodi. Milango ile mizuri ya nakshi ina familia nyuma yake. Wapo waliowahi kukopesha ukumbi wao, vitanda vyao na masufuria yao kwa ajili ya filamu, na hawajaiona filamu yenyewe mpaka leo. Ukiwa nayo kwenye simu, wakikukaribisha barazani, waonyeshe ile dakika ya 12. Bibi mmoja wa mtaani kwetu aliitazama sini iliyoshutiwa sebuleni kwake, akasimamisha kidole kwenye kioo, akasema, "Hilo pazia si langu, langu lilikuwa la maua." Akaingia ndani akalileta nilione.